Mto Wenye Saa Mbili

Anayekwenda Uchina huaga. Hufunga mizigo wiki nzima, huombewa dua, hutafuta kamusi, na akirudi na vituko vyake hakuna anayemcheka, maana alikwenda Uchina. Mtu wa Nhica do Rovuma akivuka mto Rovuma kutoka Msumbiji kwenda Tanzania haagi. Anasema "nakuja sasa hivi", anavaa ndala, anapanda mtumbwi. Ng'ambo anakuta watu wenye sura za shangazi zake, wanaosema Kiswahili, wanaokula ugali, wanaoitwa Issa na Fatuma kama walioko kwao. Basi anajiona yuko nyumbani, analegea. Mimi nimekaa ukingoni kiasi cha kutosha kulisema hili bila kuogopa kubishiwa: ugeni haumwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kufanana.

Nhica yetu isomeke Nyika. Wareno waliiandika kwa herufi zao, na makarani wa Mtwara hadi leo huniita mzee wa Nihika. Iko wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado, bara kidogo kutoka pwani, kwenye njia ya kwenda Pundanhar. Nyumbani tunasema Kimakwe na Kimakonde, shuleni Kireno, sokoni Kiswahili, na mtu akijikwaa kidole gumba atalia kwa lugha itakayowahi. Mji wetu mkuu ni Maputo, lakini ukipima kwa njia ya ndege, Kampala iko karibu nasi kuliko Maputo, na Mogadishu pia. Nalisema hili ili msomaji asishangae kwa nini mwanamke wa kwetu akiishiwa sabuni anatazama kaskazini.

Jirani zetu wa Kionga, karibu na mdomo wa mto, wao wamesafiri zaidi yetu bila kutoka nje ya ua. Wajerumani waliichukua Kionga mwaka 1894. Wareno wakaitwaa mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu, wakafurahi hata wakapiga mhuri wa jina lake juu ya stempu za Lourenço Marques, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Serikali zikabadilishana, minazi haikusogea hata kidogo. Watu wenye historia ya namna hiyo hawaoni mpaka kama ukuta. Wanauona kama kizingiti, na kizingiti ndicho kinachokwaza vidole.

Mhusika mkuu wa habari hizi ni shemeji yangu, mtu wa Mtwara aliyeoa kwetu. Jina lake nalificha. Heshima aliyobaki nayo ni kidogo, inamtosha kwa matumizi ya nyumbani tu.

Nianze na tumbo, kwa kuwa hata yeye alianzia hapo. Kwetu Msumbiji, Palma hadi Maputo, bajia ya kunde huliwa ndani ya mkate. Mkate wenyewe ni ule mdogo wa Kireno, ganda gumu, umetoka kwenye tanuri la kuni. Unapasuliwa ubavuni, bajia zinasukumiwa ndani, unakula huku unatembea. Mtwara bajia zipo, mkate upo, na haviamkiani. Siku moja nikiwa soko kuu la Mtwara nilimwomba mama mmoja aniwekee bajia zangu ndani ya mkate. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuweka kitanda jikoni.

"Mkate uko dukani kule, bajia ziko hapa. Ndoa utawafungisha mwenyewe, baba."

Nikanunua huku, nikanunua kule, nikaketi kwenye benchi lake nikaunganisha. Watoto wakasogea kutazama. Mama akauliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kama huko kwetu hakuna sahani. Shemeji naye asubuhi yake ya kwanza Nhica alipewa bajia ndani ya mkate, akazitoa moja moja, akazipanga pembeni, akala mkate kwanza mpaka ukaisha, kisha bajia. Dada yangu alilia kwa aibu nyuma ya nyumba. Wote wawili tulikuwa tunakula chakula kilekile.

Baada ya tumbo inafuata pochi, na hapa ndipo kufanana kunapotoa makucha. Tanzania wana shilingi, Kenya wana shilingi, Uganda wana shilingi. Siku hizi shilingi moja ya Kenya inakaribia ishirini za Tanzania, na metikali yetu moja inazunguka kwenye shilingi arobaini za Tanzania, au mbili za Kenya. Mimi mwenye metikali nikifika Mombasa nakuwa macho, nahesabu kwa vidole, nauliza mara mbili. Shemeji hana sababu ya kuwa macho. Yeye na Mkenya wote wana shilingi.

Tulikwenda Mombasa pamoja, tukapita Mtaa wa Biashara, akaona kanzu nzuri, kola imedariziwa.

"Kiasi gani?"

"Elfu tatu, ndugu yangu."

Nilimwona akiuma mdomo ili asicheke. Elfu tatu Mtwara ni chipsi na soda. Hakuomba apunguziwe, jambo ambalo lilimtia muuzaji wasiwasi zaidi kuliko kumfurahisha. Akachukua mbili. Akaulizia na kofia. Akamwambia muuzaji, kwa sauti ya ukarimu, kwamba bei zake za chini hivi zitamfilisi, afikirie watoto. Wakati wa kulipa ukafika, akatoa noti moja ya elfu kumi ya Tanzania na kumwambia muuzaji chenji akanywee chai. Sitaeleza kilichofuata. Niseme tu kwamba tulitoka dukani na kofia moja, na nauli ya kurudia nilimkopesha mimi, na kwamba hadi leo shemeji husimulia kuwa Mombasa ni mji wa watu wanaobadili maneno.

Nisimcheke sana, maana nyumbani kwetu kuna bibi. Mwaka 2006 serikali ya Msumbiji ilifuta sifuri tatu kwenye metikali. Elfu moja ya zamani ikawa moja ya familia mpya, ndivyo ilivyoitwa. Nchi nzima ikabadilika, bibi akakataa. Yeye alisema sifuri zake alizichuma kwa jembe na hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuzifuta. Kwa hiyo kwake noti ya hamsini ni elfu hamsini, na kilo ya sukari hununuliwa kwa maelfu mengi kila mwezi, akisikitika.

Binamu yangu mmoja alipata kazi Muscat, akatuma riali tano kwa mtu aliyekuwa anarudi. Riali ya Oman ni pesa nzito. Moja inagawanywa baisa elfu, na tangu 1986 imefungwa na dola kwa kiwango ambacho riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu. Bibi hakuelezwa hayo. Alielezwa kwamba mjukuu wake ametuma tano.

"Tano?" akasema. "Amevuka bahari mpaka Uarabuni kunitumia tano?"

Akaziweka pembeni, hakutaka hata kuzishika. Nikampigia hesabu: metikali mia nane na zaidi. Uso ukalainika kidogo. Halafu akazipeleka kwenye hesabu yake mwenyewe, akakuta laki nane na ushee, akainua mikono na kumwombea binamu maisha marefu, mke mwema na nyumba ya ghorofa. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akinufaika na mabadiliko ya fedha.

Kuhusu vipimo sitakaa sana, kwani kila soko lina udanganyifu wake na wote unajulikana. Nyanya kwetu huuzwa kwa fungu, Mtwara kwa fungu, na fungu ni kiasi ambacho mkono wa muuzaji umeamua asubuhi hiyo. Kongowea kule Mombasa mahindi na maharage hupimwa kwa gorogoro, kopo ambalo ukilitazama kwa makini utaona wengine wameligonga kitako likaingia ndani. Ninachopenda kusimulia ni lumbesa. Watanzania wanaijua: gunia lililojaa, kisha likaongezwa, kisha likashonewa kofia ya nyavu juu ili lijae tena. Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka mingi, wanataka gunia lisizidi kilo mia. Sisi wa bonde la Rovuma tuna hoja moja tu, nayo ni kwamba nauli ya mtumbwi huhesabiwa kwa gunia. Shemeji aliwahi kuja kuchukua mpunga kwetu na kufunga lumbesa yenye kofia ndefu kuliko gunia lenyewe. Mwenye mtumbwi akaizunguka, akaipapasa, akasema hilo si gunia moja, ni gunia na mtoto wake, na mtoto naye analipa. Wakabishana mpaka viboko wawili waliokuwa wakitazama kwenye kina wakazama kwa kuchoka. Hatimaye shemeji alimlipia mtoto nusu nauli, kama wanavyofanya kwenye mabasi.

Kisa cha mifuko nacho kilimpata yeye. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kenya ilitangulia Agosti 2017, kwa adhabu ya kutisha, mpaka miaka minne jela au faini ya mamilioni. Kwetu mfuko bado unatembea. Upepo ukivuma Palma huwezi kujua ni ndege au ni mfuko. Shemeji alikuwa amelala kwetu siku kadhaa, hana habari za dunia, akafunga samaki wakavu wa kuuza kwenye mifuko midogo ya plastiki, mizuri, mmoja mmoja, ili mteja wa Mtwara aone usafi. Alipofika ng'ambo, afisa mmoja akamfungua mzigo. Samaki hakuwa na shida nao. Shida ilikuwa mifuko, na faini ya mtu aliyekutwa nayo ilianzia shilingi 30,000, na shemeji hakuwa na samaki wa thamani hiyo.

"Ivue yote uiache hapa," afisa akamwambia, na kusema kweli alikuwa amemhurumia.

Akavua. Samaki wakabaki uchi ufukweni, wengi, na gunia lilikuwa limechanika. Alichokuwa nacho ni kapulana mpya, kitenge cha kwetu, ambayo dada yangu alimpa ampelekee mama yake kama zawadi ya mama mkwe, bado ina mikunjo ya dukani. Akawafunga humo. Mama mkwe alipokea zawadi ile jioni, akaifungua, akainusa, akaikunja tena taratibu. Hakusema kitu. Kwa mwaka mzima, kila akiivaa, paka wa mtaa mzima walimfuata, na alikuwa akiivaa makusudi.

Watu wakisikia visa kama hivi huniuliza kama Kenya ni afadhali. Tuna ndugu kule. Mdogo wake bibi alikwenda kukata mkonge wakati wa Waingereza, kama Wamakonde wengi walioondoka Msumbiji miaka ya 1930 na 1940, akabaki Kwale. Watoto na wajukuu wakazaliwa huko, wakazeeka, bila kitambulisho cha nchi yoyote. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilipowatembelea Msambweni baada ya hapo, shangazi mmoja alinipokea akiwa na kitambulisho chake kifuani, ndani ya mfuko wa kitambaa, akanionyesha kabla ya kuniamkia. Kisha akanipa chai iliyopikwa na maziwa tangu mwanzo. Sisi Nhica tunakunywa ya rangi. Tumbo langu lilifanya mkutano usiku kucha. Asubuhi shangazi akaniambia kwa huruma, kama Mkenya wa kabila la 43 anavyostahili, kwamba sisi Wamsumbiji tuna matumbo ya zamani.

Nairobi nilipita tu. Nilikaa kwenye matatu nikamsalimu kondakta kama tunavyosalimiana kwetu: hujambo, nyumbani hawajambo, watoto, mvua imenyesha? Akajibu kwamba nauli ni hamsini. Nikadhani hajanisikia, nikarudia na kuongeza habari za wazazi. Abiria wa nyuma akamwambia amwache mzee, huenda anatafuta ndugu aliyepotea.

Hayo yote, chai, mifuko na shilingi, ni mambo madogo. Kinachotutenganisha hasa na Tanzania ni kitu kimoja ambacho hakionekani, hakina uzito, na hakuna afisa anayekikagua. Ni saa.

Tanzania inafuata saa za Afrika Mashariki. Msumbiji inafuata za Afrika ya Kati, sawa na Harare na Lusaka. Ukivuka kutoka Namoto kwenda Kilambo unanyang'anywa saa nzima, ukirudi unarudishiwa. Unaweza kuondoka Kilambo saa tano na nusu na ukafika Namoto saa tano kasorobo, ukiwa kijana zaidi. Na kama saa za Ulaya na za Kiswahili hazikutosha kuchanganyana zenyewe kwa zenyewe, simu zimeongeza zake. Ukingoni simu hushika mnara wa upande wowote unaoipendeza. Unaiweka mezani ni saa nne, unamimina chai, unaichukua ni saa tano, na hujatoka kwenye kiti.

Bibi anasema saa halali ni ya Tanzania, na nimepiga hesabu nikaona ana hoja. Saa ya Kiswahili inakwenda na jua: likichomoza ni kama saa kumi na mbili, saa moja ndiyo saa ya kwanza ya mchana. Mtwara hesabu hiyo inakaa sawasawa. Sisi tuko mashariki kabisa ya nchi, lakini saa yetu imepangwa kwa ajili ya watu wa Tete na Maputo. Kwa hiyo Desemba jua la Nhica huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Juni huzama ikiwa saa kumi na moja na dakika chache. Mtu akikuambia kwetu "nitakuja saa kumi na mbili jioni", anakuja gizani na tochi. Bibi husema serikali ina haki ya kupanga kodi, jua ilipaswa kuliacha.

Ramadhani moja mpwa wangu alipewa kazi ya kutazama saa ya kufuturu. Ratiba ilitoka Palma: magharibi saa kumi na moja na nusu. Mtoto akaenda kukaa karibu na mto kwenye upepo, simu mkononi, ikashika mnara wa Tanzania. Ilipoandika saa kumi na moja na nusu akatupa tende mdomoni, akanywa kopo zima la maji, huku jua limemkodolea macho juu ya minazi. Alirudi nyumbani kutangaza. Bibi akamuuliza kama simu nayo ilikuwa imefunga.

Lakini fujo ya saa iliyovunja rekodi ni harusi ya shemeji mwenyewe. Ilikuwa kabla ya Oktoba 2017. Baada ya hapo Cabo Delgado imekuwa na vita, Palma ikashambuliwa Machi 2021, watu wakakimbilia mtoni bila kuuliza ng'ambo ni saa ngapi, na juu ya hayo sina mzaha wa kuandika. Harusi ilikuwa wakati tulipokuwa na nafasi ya kugombania vitu vidogo.

Kadi zilichapishwa Palma, kwa Kireno, maana kadi ya Kireno inaonekana ya kisomi hata kwa asiyeisoma. Ilisema ndoa itafungwa nyumbani kwa bibi harusi, 14 horas. Tukaipiga picha, tukaituma Tanzania kwa simu, tukaendelea kukamata kuku.

Kule Mtwara kadi ikafanyiwa kikao. Kumi na nne waliisoma, horas wakabahatisha. Tatizo ni kwamba Kiswahili hakina saa kumi na nne. Zikifika kumi na mbili tunaanza upya. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kuheshimiwa, akaomba karatasi. Kumi na nne, toa kumi na mbili, inabaki mbili. Hesabu ilikuwa safi, hakuna aliyeweza kuipinga. Saa mbili, basi. Na kwa kuwa nikahi ni jambo la baraka, na baraka ni za mapema, itakuwa saa mbili asubuhi.

Walilala Kilambo, wakavuka na mitumbwi kulipopambazuka, wakafika Nhica saa mbili kamili kwa saa zao. Kwetu ilikuwa saa moja. Nilitoka nje kupiga mswaki nikakuta chini ya mkorosho wetu kumekaa ukoo mzima, makoti, buibui, vilemba, kimya, wanatutazama. Dada yangu akatokea uani na ndoo ya maji, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, uso wote mweupe kwa msiro kama wapakavyo wanawake wa kwetu ili ngozi ing'ae siku ya siku. Mama mkwe mtarajiwa hakuwa amewahi kumwona. Alirudi nyuma hatua mbili akamshika mumewe mkono.

"Karibuni," dada akasema, akaweka ndoo chini, akapiga goti, kisha akakimbia.

Tuliwapa chai na mikate yenye bajia. Wakazitoa bajia, wakazipanga pembeni. Kufika saa tano walikuwa wamekula chakula cha mchana, kufika saa sita wakaanza cha jioni. Saa saba yetu wakaja vijana, marafiki wa bwana harusi, ambao waliijua saa kumi na nne kuwa ni saa nane, ila saa nane ya Mtwara. Nao wakala. Saa nane yetu, ambayo ndiyo ilikuwa saa yenyewe, wakafika wageni wa Palma, wameoga, wamenukia, wakakuta kwenye sufuria kuna majani ya mdalasini.

Shehe akafungisha ndoa. Baba aliozesha, mashahidi wakashuhudia, mahari ikatajwa, tukapiga vigelegele. Bwana harusi akasimama kumchukua mkewe. Bibi akaketi mlangoni.

"Shehe amemaliza ya dini," akasema. "Ya mjomba bado."

Kwetu ukoo ni wa mama. Mtoto wa dada ni wa mjomba kwanza, baba ni mgeni wa heshima. Na mjomba wetu, mtoto wa kwanza wa bibi, anayekaa Mahurunga upande wa Tanzania, hakuwa ameonekana. Simu haikupatikana. Wengine wakasema ameghairi, wengine wakasema mamba. Bwana harusi akakaa tena. Jua likazama kwa saa zetu za ajabu, taa zikawashwa, wazee wa Mtwara wakalala palepale chini ya mkorosho, na bibi hakuondoka mlangoni.

Mjomba alitokea gizani, kanzu nyeupe, tochi mkono mmoja, kamba ya mbuzi mkono wa pili. Picha ya kadi ilimfikia naye. Alikuwa peke yake, bila mwalimu mstaafu, lakini hesabu alijua: kumi na nne, toa kumi na mbili. Tofauti ni kwamba yeye aliona sherehe ya watu wazima haiwezi kuwa asubuhi. Alivuka mapema kabla ya giza, akakaa kwa rafiki yake ukingoni akipiga soga, ili asimsumbue mtu kwa kuwahi.

Akainua simu juu tuione. Ilikuwa bado imeshika mnara wa kwao.

"Saa mbili kamili," akasema. "Nani amenitangulia?"

Hakuna aliyejibu. Ua mzima ulikuwa umejaa mifupa ya kuku. Bibi akamtazama mwanawe, akatutazama sisi, mtazamo wa kumfunga mtu kinywa.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Umewahi. Kwetu bado saa moja."

Tukamtandikia mkeka. Akakaa kusubiri harusi iliyokwisha. Na sisi tukafanya nini? Tukaianza upya. Wazee wakaamshwa, wakafungwa vilemba upya. Dada akatolewa ndani akasimamishwa, bwana harusi akasimamishwa, na ilipofika saa mbili ya kwetu shehe, mtu muungwana, akasoma dua ndefu bila kueleza ni ya nini. Mjomba akaulizwa kama ameridhia. Akakohoa, akasema ameridhia, ila kuna kilemba cha mjomba.

"Kiasi gani?" baba wa bwana harusi akauliza.

"Elfu hamsini."

Mzee akashusha pumzi. Alikuwa ameogopa zaidi ya hapo. Akatoa noti tano za Tanzania, zile zenye tembo, akazinyoosha kwa mikono miwili. Mjomba akazitazama bila kuzipokea.

"Mke anatoka Msumbiji," akasema. "Nalipwa kwa pesa ya Msumbiji. Metikali elfu hamsini."

Mzee akakaa chini bila kuambiwa. Kwa pesa hiyo ingebidi auze pikipiki ya mwanawe na kumweka mwanawe rehani. Vijana wa Mtwara wakaanza kunong'ona, vijana wa kwetu wakaanza kusogea, mwalimu mstaafu akaomba karatasi. Bibi akanyanyuka pale mlangoni, taratibu, akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa noti moja ya metikali hamsini iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akamwekea mwanawe kiganjani na kukifumba kile kiganja.

"Elfu hamsini hii hapa," akasema. "Sasa kula, chakula kinapoa."

Kilikuwa kimepoa tangu alasiri.